Nilivyouonja Mluzi wa Fundi Chande

Kwanza futeni vumbi. Mwanahawa, Tatu, nyie mliokalia kigoda changu dukani kwa Bwana Jivan, kabla hamjasema santuri hii nzuri au mbaya, futeni vumbi, tena kwa kitambaa kikavu cha pamba, si kwa upindo wa kanga mliyopikia samaki. Nimewaona. Tatu, wewe hasa. Santuri yenye mafuta ya samaki inaimba kama mtu aliyeng'olewa jino, na mwimbaji wa watu hana kosa.

Mie kusoma sijui. Anaandika Zuhura, mtoto wa dada yangu, aliyefika darasa la nne na anataka dunia nzima ijue. Maneno yangu, makosa yake. Mshahara sitausema, mtalia bure. Cheo nacho kilikuwa kigoda, na kigoda mnacho. Nitasema kazi.

Niliingia kwa Jivan kufagia. Nilikuwa mjane bado mbichi, natoka Kinondoni kwa miguu kukicha, na Kinondoni ya wakati ule minazi na mihogo, ukitaka kuomba chumvi kwa jirani unabeba na chakula cha njiani. Duka lilikuwa na baiskeli, cherehani, taa za karabai, na kule pembeni masanduku ya santuri kutoka Bombei, Misri na Ulaya. Siku ya tatu nafagia huku naiga santuri niliyoisikia jana yake: mwanamke wa Kimisri na fidla yake, vyote viwili kwa mdomo mmoja. Jivan akatoka nyuma mbio.

"Hidaya! Nani nafungua gramafoni? Mimi nasema asubuhi hapana piga!"

"Gramafoni imefungwa, Bwana."

Akafunua kifuniko, sahani imetulia tuli. Akanitazama mie, akaitazama sahani.

"Tena," akasema.

Ndivyo nilivyopata kazi. Mjue Jivan alikuwa na shida ya kweli. Santuri ukimpigia kila mteja anayetaka kuonja, mpaka aje wa kuinunua imeshachakaa. Basi akaona heri achakae Hidaya. Mie nasikiliza santuri mpya mara mbili, siyo zaidi, halafu Jumamosi asubuhi wateja wanakaa barazani nawaigia kipande cha kila moja, na mwisho natoa hukumu: hii ya nani, ipigwe wapi, na nani asithubutu kuiweka nyumbani kwake.

Kwa kuwa kuandika sijui, nilikuwa nafunga vipande vya kanga kwenye vifuko vya santuri. Chekundu, harusi. Cheupe, ya kusikiliza umekaa. Cheusi, usipige penye mgonjwa. Chenye fundo, itauzika Temeke na Kinondoni wataicheka. Jivan alikuwa na daftari lake kubwa, lakini mteja akija alikuwa anaangalia vitambaa vyangu. Sisemi kitu.

Sindano ya chuma piga mara moja, tupa. Jivan atawaambia mara tano. Mwitikieni, "Ndiyo Bwana," mkatupe. Wakati wa vita sindano ziliadimika tukachonga miiba ya mchongoma, na nawaambia kweli, mwiba unaimba kwa adabu kuliko chuma, ila unachoka haraka kama bwana harusi mzee. Ufunguo wa gramafoni msiujaze mpaka mwisho. Ukisikia spiringi inaguna, acha, imeshiba.

Aliyenifundisha kusikiliza hakuwa Jivan. Alikuwa mama yake, tulikuwa tunamwita Ba. Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Anakaa nyuma ya duka na sinia la mchele mapajani, anachagua mawe, na santuri zote zinapita masikioni mwake: Kiarabu, Kihindi, Kizungu. Mie nikadhani hasikii kitu. Siku moja nikamwona mkono umesimama juu ya mchele. Santuri ilipokwisha, mkono ukaendelea. Nikaanza kumvizia. Santuri mbovu, Ba anachagua mchele mbio mbio kama anadaiwa chakula. Nzuri, vidole vinapunguza mwendo. Nzuri sana, vinasimama kabisa. Kwa miaka mingi hukumu zangu zilikuwa hivyo: mdomo wangu na mkono wa Ba. Wateja waliujua mdomo tu.

Nimekosea pia, msidhani. Liliwahi kuja sanduku la Ulaya lina santuri ngeni. Sauti moja tu, nyembamba, inaanza chini inapanda juu, pumzi haikati, maneno hakuna. Mie Jumamosi nikatoa hukumu: "Huyu bwana hana la kusema, lakini kifua anacho." Nikafunga cheupe. Zikauzika tatu. Baadaye akaja Mzungu mmoja wa mitambo, kaona kitambaa changu, kacheka mpaka kofia ikaanguka. Kumbe ile siyo nyimbo, ni santuri ya kupimia mashine kama nzima. Jivan akatuma watu wawarudishie wateja fedha zao. Wawili walikubali. Wa tatu, mzee wa Manzese, alikataa kata kata. "Aa," akasema, "huyu namwelewa."

Mzee yule nilimcheka. Ningemsikiliza, nisingemkosea Fundi Chande.

Baada ya vita mambo yakabadilika. Likaja gitaa la umeme kutoka Kongo, mara ya kwanza nilidhani sindano imevunjika, nikabadilisha mbili. Redio nazo zikaingia majumbani, na zikiingia zinaharibika, na zikiharibika zinapelekwa Temeke kwa Fundi Chande. Huyu alikuwa kijana mrefu, mpole, amepigana vita kule Bama, Asia, kwenye kikosi cha simu za upepo. Sauti yake ndogo, unaiiga kwa kutoa nusu ya pumzi tu.

Basi likatangazwa jambo: kampuni moja ya Ulaya inamleta mtu wake Dar es Salaam kunasa sauti za watu wa hapa zitiwe santurini. Siku tatu tu. Jivan kapewa kazi ya kuwateua waimbaji, na Jivan akanipa mie. Wiki nzima duka likajaa ngoma za marumba, mazumari na akina mama waliokula mayai mabichi kulainisha koo. Mle mle akaingia Fundi Chande na mkewe Mwajuma. Fundi kabeba redio mbili hazina maboksi, zile taa zake ndogo za vioo nje nje, matumbo yote yanaonekana. Mwajuma kabeba betri na debe tupu la mafuta ya taa.

"Shikamoo Bi Hidaya."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kutengeneza nini?"

"Tumekuja kuonjwa," akasema Fundi.

Akaziwasha. Halafu, wanangu, hakugusa kitu. Alisogeza mkono tu hewani karibu na zile taa, na redio ikapiga mluzi. Mkono mbele, mluzi unapanda. Mkono nyuma, unashuka, unalia, unakoroma kama paka aliyemezwa na ngamia. Redio ya pili inamjibu. Chini yake Mwajuma analipiga debe kwa viganja, taratibu, kama anayetwanga akiwa na mawazo. Wale mama wa mayai mabichi wakaziba masikio.

Mie nikafanya nilivyozoea: nikajaribu kuuiga. Nikashindwa. Nikapuliza, nikavuta, nikabana pua. Mdomo wangu uliomshika Mmisri na fidla yake ukatoa upepo mtupu.

Nilikuwa na kanuni: kisichoshikika mdomoni hakiuziki. Nikamwambia, "Fundi, hapana."

"Imekosa nini, Bi Hidaya?"

"Imekosa pa kushika."

"Bama nilikaa na vyuma vya kusikilizia masikioni," akasema. "Wakubwa walikuwa wanataka maneno tu. Lakini kati ya stesheni na stesheni kuna kitu kinapita. Wenzangu walikikimbia. Mie nilikuwa nakisubiri."

Mwajuma akafunga betri kwenye kanga. Mlangoni akageuka, akaninong'oneza, "Bi Hidaya, kwetu Kibamba baba anasema mume wangu mwendawazimu. Kasema ikifika mwisho wa wiki hii hana jina wala kazi inayoeleweka, mama anakuja kunichukua. Tulidhani ikiwa santuri, itaeleweka." Wakaenda zao.

Nikarudi nyuma ya duka kunywa maji. Chini kote mchele. Ba kakaa, sinia limelala upande, mkono uko hewani vile vile. Mchele umemwagika wote hana habari. Na mie, nikishughulika na mdomo wangu, sikuutazama mkono wake hata mara moja.

Asubuhi yake nikaenda Temeke kwa miguu, nawaambia njia nzima nilikuwa najitukana kwa sauti za watu mbalimbali. Nilipofika nikakuta masufuria ya Mwajuma yamefungwa kamba, yako nje. Mama yake, Bi Mwantumu, kaja kabla hata ya siku yake, kakaa jamvini, mwanamke mkavu, macho kama sindano mpya.

"Karibu," akaniambia. "Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kusikiliza. Fundi, nipigie tena."

"Kelele hizo?" Bi Mwantumu akasema. "Mume wangu kanituma. Kasema, 'Mwantumu, usirudi Kibamba bila mtoto.' Sasa nyie pigeni, mie nafunga mzigo."

Fundi akawasha. Safari hii nikaukalia mdomo wangu, nikawatazama watu. Fundi anauvuta mluzi, macho kayafumba. Mwajuma akaliacha fungu lake la nguo, akalivuta debe. Hakuitwa. Alijiendea tu. Akaanza kupiga, na mumewe bila kufumbua macho akampisha mahali pake, na wale wawili wakawa wanasemezana pale, yeye kwa debe, huyu kwa hewa. Uso wa yule binti ulikuwa kama wa mtu anayekula akiwa na njaa.

Nikamtazama mama mtu. Kamba ya mzigo iko mkononi, hafungi tena. Anamwangalia mwanawe.

Ghafla akatikisika. Mabega, kichwa, kanga ikaanguka. Akatoa sauti nzito ya kiume: "Hmmmm!"

"Mama kapandisha!" Mwajuma akapiga kelele. Majirani wakajaa uani.

Pepo akipanda lazima aulizwe jina na haja, na mkubwa pale nilikuwa mie. Nikauliza, "Nani mwenzetu?"

"Mie wa Bama!"

"Karibu. Unataka nini?"

"Kiti! Mie sikai jamvini!" Akaletewa kiti. "Chai ya maziwa! Biskuti!" Mtu akakimbizwa dukani. "Na mluzi huu wangu! Mwajuma asiondolewe nyumba hii! Nani atanipigia debe langu? Na mume wa huyu niliyempanda, kiti changu, akisema kelele, aletewe santuri asikie!"

Kwetu mnajua. Ngoma iliyompandisha mtu pepo haiitwi tena kelele. Ina mwenyewe. Anayeipiga hasumbuliwi na nyumba yake haivunjwi. Majirani waliokuwa wakimcheka Fundi mwaka mzima walishaanza kumwita mwalimu.

Sasa niwaambie kitu, na Zuhura uandike vizuri. Mie nimeona pepo wengi. Mtu akipandisha kweli, pumzi inabadilika kwanza, ndipo sauti inafuata. Kwa Bi Mwantumu sauti ilitangulia. Anayeiga anamjua mwigaji mwenzake. Nilikuwa mbele yake kabisa, akafungua jicho moja, akanitazama. Mwanamke yule alitumwa na mumewe asirudi bila mtoto, na ameona kwamba kumchukua ni kumng'oa. Mume huwezi kumbishia. Pepo anaweza. Nikamjibu kwa adabu, "Tumesikia, mkubwa. Yote yatafanyika." Jicho likafungwa. Biskuti akala saba.

Lakini ahadi ya santuri imeshatoka, na mzee wa Kibamba siyo mtu wa kunyamazishwa kwa maneno ya uani. Siku ya mwisho ya yule Mzungu wa kunasa sauti nikawapeleka Fundi na Mwajuma kwenye nyumba aliyopanga mjini, mablanketi yametundikwa kila ukuta, joto kama tanuri. Alikuwa mwembamba, kapauka, kachoka na mazumari. Fundi akapiga. Mzungu akainua mkono.

"Mama, mimi nasikia wireless, redio tu. Wireless yako gonjwa. Muziki iko wapi?"

Jivan akanikazia macho. "Hidaya, toa hukumu."

Na mluzi sikuwa nao mdomoni. Nikasimama pale mikono mitupu. Nikasema, "Bwana, sauti hii siwezi kukuigia. Nitakuigia watu."

Nikamfanya Jivan siku Fundi alipopiga dukani, viganja masikioni: "Hii kelele! Hii mimi... ngoja kwanza... ngoja." Nikamfanya askari wa Tabora aliyepita barazani siku ile: "Nani anachinjwa humu? Eh? Sogeza benchi." Nikakaa chini nikamfanya Ba, mkono juu ya mchele, sikusema neno, nikauacha mkono hewani. Nikamfanya Bi Mwantumu na kamba yake, kabla ya pepo. Mwisho nikamfanya yeye mwenyewe Mzungu: "Wireless yako gonjwa," mdomo unasema hivyo, na shingo imevutwa kuelekea kwenye redio kama kobe aliyeona mchicha. Maana ndivyo alivyokuwa! Mdomo unakataa, shingo inakwenda.

Msaidizi wake akaangua kicheko. Mzungu akawa mwekundu hadi masikio. Akapangusa jasho.

"Upande mmoja," akasema. "Dakika tatu."

Hilo ndilo fundisho langu kwenu, Mwanahawa na Tatu, maana sasa zinakuja sauti ambazo hata jina hazina. Sauti ya zamani iigeni yenyewe. Sauti mpya iacheni, mwigeni anayeisikia. Mkono wake uko wapi, shingo inakwenda wapi, ameacha kufanya nini. Maneno ya msikilizaji msiyaandike, watu wanasema kelele kwa mazoea tu.

Santuri ilisafiri Ulaya ikakaa huko miezi na miezi, mvua za masika zikaja zikapita. Kila wiki Mwajuma anakuja dukani, hanunui kitu, anagusa baiskeli. Ikafika. Upande mmoja nyimbo ya harusi ya akina mama wa mayai mabichi, upande wa pili mluzi. Nikatafuta kitambaa cha kufunga sikukipata, hakuna rangi yake, nikachana upindo wa kanga niliyovaa. Haikuuzika sana, nisiwadanganye. Alinunua mzee wa Manzese, hilo lilikuwa wazi. Walinunua mafundi kadhaa wa reli. Karani mmoja Mchaga wa Kinondoni alinunua mbili, akanishukuru sana: "Mama, hii ni santuri ya maana. Wageni wanaondoka mapema."

Moja niliipeleka mwenyewe Kibamba. Nilipanda lori la mkaa, gramafoni mapajani, barabara ya Morogoro inanirusha mpaka nikajua idadi ya mifupa yangu. Mzee mwenye nyumba alikuwa mfupi, mnene, na sauti ya kuamuru hata akisalimia. Nikatia ufunguo. Akasikiliza dakika tatu zote, kiganja nyuma ya sikio, uso kama mlango uliofungwa. Bi Mwantumu kasimama kwenye kizingiti, hatutazamani.

Ilipokwisha mzee akashusha kiganja. Halafu akauliza, "Hilo debe anapiga nani?"

"Mwajuma."

Nikataka kuipindua upande wa harusi. "Rudia," akasema. "Siyo hiyo ya harusi. Hiyo hiyo."

Nikaipiga mara nne, sindano nne, kila moja nikaitupa. Mara ya nne vidole vyake vilikuwa vinapiga goti.

Gramafoni nikarudi nayo mjini, wao hawakuwa nayo na mpaka leo hawana. Santuri wakabaki nayo. Mwaka huu kabla sijaacha kazi, sikio hili la kulia limeshaanza kunifanyia kiburi, nilipita Kibamba kuwasalimia. Nikaikuta ukutani sebuleni, imetundikwa kwa uzi, inang'aa, haina vumbi hata chembe. Jirani mmoja mgeni alikuwepo, akainyooshea kidole. "Bi Mwantumu, hiyo nayo inasemaje?"

Bi Mwantumu alikuwa anamimina chai. Hakugeuka.

"Inasema," akamjibu, "binti yangu yuko kwake."